Mpangaji wa Chumba Changu

9 Februari

Kwa Dada Sindano,

Shikamoo. Natumaini hamjambo hapo nyumbani na mguu wa Mama umepungua uvimbe. Mimi mzima, ila lifti ya jengo letu imekufa tena, na kwa mtu wa ghorofa ya nne maana yake ni kwamba nikifika mlangoni nimeshasahau nilichokwenda kununua. Gauni ulilonishonea limenikaa vizuri. Wenzangu ofisini waliuliza fundi ni nani, nikawaambia ni dada yangu, wakasema ndiyo maana.

Najua wewe ni mtu wa simu. Lakini kwenye simu mimi na wewe hatuchukui muda kabla ya kukatizana maneno, na Mama anakaa pembeni akisikia ugomvi nusu nusu. Kwenye karatasi angalau mtu anamaliza sentensi yake.

Sasa sikia. Idara yetu imepewa kazi ya kupanga makazi ya miji midogo ya pwani, na tunaanza na mji wetu pamoja na vijiji vyake. Watu wameongezeka, nyumba hazikuongezeka. Walimu wanabanana watatu chumba kimoja, vijana wakioa wanabaki kwa wazazi, na huku wenye pesa wa mjini wananunua ufukweni nyumba za kuja kulala wikiendi. Serikali inataka kujua kila mtu atakaa wapi miaka ishirini ijayo. Bosi aliuliza nani anaufahamu mji ule. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajafunga mdomo.

Tutakuja Aprili. Wenzangu watalala gesti, mimi nitalala chumbani kwangu. Nifungulie lile dirisha la upande wa bahari kipate hewa, na godoro ulianike. Nimekuwa nikikiota kile chumba, Dada. Hapa dirisha langu linatazama ukuta wa jirani.

Jambo dogo tu. Yule mama wa duka la dawa alikuja huku kwa mwanawe, akaniambia alimwona Mama akipelekwa zahanati na binti mmoja, wameshikana mikono, wanacheka. Binti gani huyo?

Msalimie Mama. Mwambie kitindamimba wake anakuja na ramani.

Mdogo wako,
Kalamu


3 Machi

Kwa mdogo wangu Kalamu,

Marahaba. Barua yako iliwahi, jibu ndilo lililochelewa. Ni msimu wa sare za shule, na kila mzazi wa mji huu anakumbuka kwamba mtoto wake anakua siku moja kabla ya shule kufunguliwa. Mguu wa Mama afadhali. Bati la uani linavuja palepale, fundi anakuja kila kesho.

Mama alinisomesha barua yako mpaka nikaikariri, kisha akaichukua akatoka nayo. Alipita nyumba kwa nyumba. "Binti yangu anakuja kuupanga mji!" Mtaa mzima umeshiba habari zako. Katika nyumba zote hizo hakuna hata mmoja aliyemuuliza nani alimshika mkono kuteremka ngazi. Ninayemwogesha ni mimi. Ninayejua kidonge kipi ni cha asubuhi na kipi anakitema akidhani sioni ni mimi. Lakini sina ramani. Ukikaa karibu na watu, mdogo wangu, unakuwa kama mlango: wanakupita tu.

Umeuliza dirisha. Dirisha linafunguliwa kila siku. Nisikuzungushe: chumbani kwako mna mtu.

Ni Nesi wa zahanati, ndiye huyo binti aliyekuchoma moyo. Aliletwa Septemba na hakupata pa kulala mji mzima, maana kila chumba chenye mlango kimegeuzwa cha wageni wa wikiendi. Akawa analala kwenye chumba cha kufungia vidonda, juu ya kitanda cha wagonjwa. Akija mtu na mguu uliokatika, yeye anaamka, anafuta kitanda, anamlaza. Mama aliposikia akasema, "Mleteni hapa. Kitanda kinakaa bure." Ningesema nini? Vitu vyako nimevitia kwenye masanduku, viko chini ya meza yangu ya kukatia nguo, havijaguswa.

Utalala kwangu, chumba cha kushonea. Nesi ni binti mzuri, sitasema uongo. Mama anacheka siku hizi. Kile kicheko ambacho mimi na wewe tulidhani kilizikwa pamoja na Baba.

Dada yako,
Sindano


14 Machi

Kwa Dada,

Shikamoo. Mimi mzima.

Tangu Septemba! Kwenye simu umenieleza bei ya vitambaa. Umenieleza paka wa jirani kazaa na watoto ni wa rangi gani. Hukupata nafasi ya kunieleza kwamba mtu analala kitandani kwangu.

Na usinifundishe shida ya nyumba za wauguzi. Nimeandika ripoti nzima juu yake. Nimesimama mbele ya wakubwa nikawaambia muuguzi asiye na pa kulala ataomba uhamisho, na mji utabaki na zahanati yenye kufuli. Naliamini kila neno. Sikuandika kwamba alale chumbani kwangu.

Kichekesho ni hiki: mimi ndiye mpangaji wa miji, yeye ni mpangaji wa chumba, na kati ya wapangaji wawili mwenye pa kulala ni yeye.

Mtafutieni pengine kabla ya Aprili. Na unijibu hili, usiliruke: Mama anamwita nani? Mama wa duka la dawa alianza kuniambia akajikata katikati.

Kalamu


30 Machi

Kwa mdogo wangu,

Marahaba. Nimejikata kidole kwa mkasi, ndiyo maana mwandiko umelewa. Presha ya Mama imekaa vizuri. Diwani alikuja kututembelea, yeye ambaye hajawahi kuuona mlango wetu tangu uchaguzi. Akasifia chai, na chai yenyewe ilikuwa ya asubuhi. Mwisho akasema ana kijishamba karibu na ufukwe, na angependa mdogo wangu akikumbuke akiwa anachora. Nikamwambia ana kumbukumbu mbaya tangu utoto.

Barua yako niliisoma kimya. Mama akanitazama.

"Anasemaje?"

"Anasalimia."

"Salamu gani hizo za kukunja uso?"

Nesi alikuwa jikoni. Hakuuliza kitu, lakini si mjinga. Jioni nikamkuta anakunja nguo zake. Mama akaja akasimama katikati ya mlango, na mkongojo wake, akasema, "Akitoka yeye, na mimi natoka." Basi hapo ndipo tulipofika. Simtoi Mama nyumbani kwa ajili ya godoro lako.

Nawe ujiulize. Asiyekuwepo na lake halipo. Unakuja mara moja kwa mwaka, unakula, unapiga picha za bahari, unaondoka, na mimi nabaki na sufuria. Ulitaka chumba kikae mlangoni kikikusubiri kama mbwa?

Mengine uliyouliza utayaona mwenyewe. Njoo. Nimefua shuka.

Sindano


6 Mei

Kwa Dada,

Shikamoo. Nilifika salama, basi likaharibika mara moja tu. Poleni na mvua, nimesikia imewafikia. Lifti imepona.

Hatukuagana vizuri pale stendi. Uliniuliza nina nini nikasema nimechoka. Sasa nakwambia. Asubuhi ya kwanza niliamka kati ya vitambaa vyako, pini imening'inia kwenye nywele, nikamsikia Mama ukumbini: "Mwanangu, umeamka?" Nikaitika, "Nimeamka, Mama." Kisha nikasikia sauti nyingine kutoka chumbani kwangu ikiitika, na Mama akaijibu ile. Hakuwa ananiita mimi. Kwenye barua yako kuna swali uliloliruka. Nimeshajua uliruka nini.

Kuhusu ule mkutano pale shuleni: watu wanasema nilimkatalia Mama hadharani. Haikuwa hivyo, na wewe ulikuwepo. Tulikuwa na sehemu mbili za kuanzia nyumba za watumishi na za vijana, uwanja wa nyuma ya shule, ambao ni hatua chache kutoka kwetu, na kilima cha ng'ambo ya daraja. Mama akasimama akasema, "Ziwekeni nyuma ya shule, tukae karibu na watoto wetu." Watu wote wakanigeukia. Nilijibu kama mtaalamu. Nyuma ya shule ni bondeni, bamvua kubwa likija maji ya chumvi yanafika mpaka kwenye magoli. Kilima ni kikavu, kina nafasi ya kukua, tangi la maji litakaa juu na maji yatateremka yenyewe. Mpimaji wetu alithibitisha kila neno. Watu wakanyoosha mikono, kilima kikapita.

Mama alikaa chini polepole. Njiani kurudi alishika mkono wa Nesi. Mimi nilikuwa nimebeba ramani.

Usiniulize lolote kuhusu kilima. Sababu nimeshazieleza.

Kalamu


11 Juni

Kwa mdogo wangu,

Marahaba. Sikuuliza lolote kuhusu kilima. Ulipokuwa mdogo, sukari ikipungua ulikuwa unaingia jikoni ukisema "Si mimi," na sisi hata hatujafungua kopo. Kwamba maji yanafika nyuma ya shule, hilo kila mtu analijua. Kwamba kilima kiko mbali na kitanda cha Mama, hilo tunalijua mimi na wewe.

Nilikuwa nimejipanga kukugombeza kurasa mbili. Lakini yamenipata, acha nikwambie.

Jumamosi Mama alikwenda sokoni na Nesi. Nilikuwa nashona pindo. Wakarudi, nikasikia wanacheka tangu barabarani, nikainua kichwa. Mama kavaa gauni jipya. La dukani! La kutundikwa kwenye kamba na kuuzwa kwa yeyote anayepita! Bluu, lina maua kama sahani, mabega yameporomoka mpaka hapa, pindo linakwenda linakotaka.

"Unalionaje?"

"Zuri, Mama."

"Nesi ndiye kalichagua."

Mdogo wangu, namshonea Mama tangu nilipojua kutunga uzi. Hajawahi kuvaa kitu ambacho si cha mkono wangu. Nikajikaza, nikasema, "Lete basi nikupunguzie mabega." Akalishika kana kwamba nataka kulichana. "Liache. Nalipenda hivihivi."

Niliingia chumba cha kushonea nikakanyaga cherehani kwa nguvu zangu zote, na chini ya sindano hapakuwa na kitambaa.

Nilipokuandikia kwamba Mama anacheka, nilijua nachoma wapi. Nilifurahia uchungu wako. Nilisema moyoni afadhali nawe ujue inavyokuwa, mtu kufanya kila kitu halafu jina likatajwa la mwingine. Sasa limenigeukia. Asubuhi Nesi anamsugua Mama miguu, na kazi hiyo ilikuwa yangu. Nikiingia, wananyamaza. Labda hawanyamazi, labda ni mimi.

Hizo nyumba za kilimani zinaanza lini? Harakisha.

Sindano


2 Julai

Kwa Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, tena shikamoo! Nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Maua kama sahani! Pole sana na mabega. Sijui lini mara ya mwisho nilipata barua yako nikaisoma tena na tena kwa raha.

Sasa nikupe raha yako. Fedha za nyumba za watumishi zilikuwepo siku nyingi, zilikosa kiwanja tu. Bosi alitaka tuanze na barabara ya ufukweni, maana diwani na rafiki zake wenye nyumba za wikiendi hawampi pumzi. Nilisimama. Nilisema hatuwezi kuwajengea barabara wanaokuja kulala Jumamosi kabla ya kuwajengea paa wanaotuamkia Jumatatu. Nikasema muuguzi wa mji ule amepewa hifadhi na ajuza mmoja, na mji hauwezi kuishi kwa huruma ya ajuza. Nikasema na njia ya kwenda ufukweni iwe ya watu wote, asijenge mtu ukuta pale. Bosi akapiga meza. "Umesema!" Yakapita yote mawili. Wenzangu wakanipa mkono, wakasema mimi nina moyo wa kizalendo.

Laiti wangeujua moyo wenyewe.

Mkandarasi anaingia Agosti. Nyumba ya Nesi ni ya kwanza kabisa, nimeiandika mwenyewe. Mwambie Mama taratibu, mwandae, asije akapata mshtuko. Mwambie watakuwa wanatembeleana.

Mdogo wako anayekupenda,
Kalamu


23 Novemba

Kwa mdogo wangu,

Marahaba. Unaona mwandiko umepinda, naandikia magotini. Nimekaa sakafuni chumbani kwako. Kiko wazi. Nimefagia.

Nyumba zimekwisha. Nilipanda kuziona wiki iliyopita, nikatamani nisingepanda, maana zimejengwa vizuri. Vyumba viwili, jiko, choo cha ndani, na baraza mbele linalopata upepo mchana kutwa. Nesi akakabidhiwa ufunguo, na jana pikapu ikaja kumhamisha.

Nilimsaidia mizigo. Nilibeba masanduku yake kama mtu anayeokoa vitu kwenye moto, hata dereva akasema, "Mama, taratibu, utaumia mgongo." Nikamwambia mgongo ni wangu. Tukamaliza. Nikawa nasubiri injini iwake nimpungie mkono. Ndipo Mama akatoka ndani. Kavaa lile gauni. Mkono mmoja mkongojo, mkono mwingine mto wake.

"Mama, unakwenda wapi na mto?"

"Nahama."

"Unahamia wapi?"

"Pikapu ni moja. Inakwenda wapi?"

Nesi akaweka chini beseni alilokuwa nalo. "Mama, hapana. Wanao watanionaje?"

"Na wewe unanifukuza?"

Yule binti akaanza kulia, dereva akajifanya anaangalia tairi. Mimi nikasema, "Mama, una watoto wawili wa kuwazaa mwenyewe." Akanitazama kwa upole kabisa, na upole wenyewe ndio ulionimaliza.

"Ninao. Mmoja kanichorea pa kuhamia, mwingine kabeba mizigo. Watoto wema."

Nikamshika mkono. Akanivuta karibu, akasema chini chini dereva asisikie: "Mwaka mzima mnanivuta huku na huku kama kitambaa cha dukani. Aprili mlikuwa mnanong'ona jikoni, chumba changu, chumba chake, Mama wangu, mimi ndiye ninayemwogesha. Sikumsikia hata mmoja wenu akiuliza Mama anataka nini. Huyu huniuliza kila asubuhi."

"Unataka nini, Mama?" nikamuuliza.

"Sasa hivi? Nataka unisaidie kupanda pikapu."

Nikamsaidia. Nikamwekea mto nyuma ya mgongo. Wakaondoka.

Nilirudi ndani nikaweka vikombe viwili mezani, nikakumbuka, nikarudisha kimoja. Nyumba yote hii ni yetu sasa, mdogo wangu. Tumeshinda. Njoo uchague chumba.

Mimi kilimani sipandi. Nimeapa. Atakayenitaka anajua nyumbani kwangu.

Sindano


19 Desemba

Kwa Dada,

Shikamoo. Nilipokuja kwenye ufunguzi rasmi wa nyumba hukuniuliza kitu, nami sikusema kitu. Tulikula kila mtu akitazama sahani yake. Maskini wewe, ukaninyooshea nguo ya kwenda huko kilimani, ukanifunga vifungo, lakini mlangoni ukabaki. Kwa hiyo nakuandikia uliyokuwa unataka kuyasikia.

Hotuba zilipokwisha niliwakimbia wakubwa. Mama alikuwa barazani, anachambua mchele. Hakuinuka, akanisogezea kiti. Kutoka pale mji wote unauona, Dada, mpaka bati letu linalovuja.

"Nionyeshe kazi yako," akasema.

Nikamwonyesha. Pale patakuwa na nyumba za vijana. Kule shule ya pili. Hapa soko litapanuka. Ile njia ya ufukweni itabaki ya wote, hata kwa wasio na gari ila miguu miwili.

"Umefanya kazi nzuri, mwanangu." Alichagua vijiwe vichache, akavitupa. "Na wewe umejiweka wapi?"

Miaka ishirini ya watu nimeipanga, walimu, wavuvi, watoto ambao hawajazaliwa, na humo ndani sikujipa hata kona. Nikasema, "Nilidhani nina chumba."

"Ulikuwa nacho. Nilikuwekea mtu humo kisinuke upweke. Ukataka kumtoa."

Ndipo Nesi akarudi kutoka kazini. Unamjua Mama, hainuki hata kwa diwani. Aliinuka. Alishika ukuta, akaingia ndani kumpashia chai. Nilibana kikombe changu nusura kipasuke. Bado nabana, Dada, hata sasa nikiandika. Haijaniisha na sijui kama itaisha.

Ila kuna kitu nilikiona kwa Nesi. Alikuja akakaa ukingoni kabisa mwa baraza, makalio nusu, viatu hajavua, kama mtu aliyekuja kwa watu. Pale ni kwake, jina lake limeandikwa, na hakujua akae wapi kwa sababu mimi nipo.

Usiku huo nililala chumbani kwangu. Dirisha lilikuwa wazi, bahari ilikuwepo. Sikupata usingizi.

Nimeomba kuhamishiwa ofisi ya mji hapo. Usimwambie Mama, lisije likashindikana nikawa mwongo. Na wewe panda. Mimi nina safari ya siku nzima, wewe una kilima tu.

Mdogo wako,
Kalamu


8 Januari

Kwa mdogo wangu Kalamu,

Marahaba. Sare zimeanza tena, mkono unauma, lakini hii haiwezi kungoja.

Nimepanda. Usicheke. Nilijitafutia sababu, nikachukua miwani ya Mama ya zamani ambayo haoni nayo chochote, nikasema nampelekea. Goti lilinisema njia nzima. Nilifika Mama kalala usingizi wa mchana. Nesi yuko mlangoni, na sare yake ya kazi, anamenya viazi.

"Karibu, Dada."

Akaniletea chai. Tukakaa. Viazi vikaisha, akawa hana tena pa kutazama. Nikaanza mimi, maana unajua ulimi wangu. Nikamwambia, "Umepata, basi. Nyumba, na Mama juu yake."

Akaweka kisu chini. Mdogo wangu, sijawahi kumsikia yule binti akipandisha sauti, nilidhani hana.

"Nimepata nini?" akasema. "Nikitia chumvi, Mama anasema Sindano hutia kidogo. Nikikunja shuka, Sindano hukunja pembe kwa pembe. Lile gauni la maua kalivaa siku moja ananiambia, 'Mabega yake mabaya, lakini nikilivaa Sindano anakasirika, na akikasirika ananitazama, maana siku hizi hunitazama akiwa amekwisha kuchoka.' Tukitoka, barabara hii kachora Kalamu. Kalamu mdogo alichora ukuta wote wa ukumbini, Baba yao akakataa usipakwe rangi. Kila siku! Nimeshajua Kalamu aliota meno lini. Mimi Mama hajawahi kuniuliza niliota lini. Ananipenda, najua. Lakini ananipenda kama mtu anavyopenda redio, ili nyumba isiwe kimya. Naishi na ninyi wawili humu ndani, Dada, na hata umeme hamlipi!"

Sauti ikampasuka. Macho mekundu. Na ilikuwa hasira ya kweli, naijua hiyo hasira, nimelala nayo kitanda kimoja mwaka mzima. Anatuonea wivu, Kalamu. Sisi!

Mtu mwema angemfariji. Mimi niliongeza sukari kwenye chai yangu, nikakoroga, nikamwambia, "Rudia hapo pa chumvi."

Akanikodolea macho. Kisha akacheka, huku anajifuta kwa mgongo wa mkono wenye maganda. Akarudia. Na pa shuka akarudia.

Baadaye nikamuuliza mama yake alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa na duka la kusuka nywele, alikuwa mkali, alikuwa anaimba vibaya. Tulizungumza mpaka Mama akaamka ndani akauliza kelele za nani hizo, na aliponiona akasema tu, "Umechelewa, chai imepoa," kana kwamba nimetoka dukani.

Nimeteremka kile kilima chote goti halisemi neno. Furaha niliyonayo si nzuri, Mungu anisamehe, nimeipata kwa machozi ya mtoto wa watu. Lakini nusu yake ni yako, ndiyo maana nimekaa kuandika kabla sijavua viatu.

Dada yako,
Sindano